Kuponi za supamaketi: namna ya kuzitumia ubaki na hela kweli mfukoni

Jamani naomba nianze na hili maana ndo wengi tunapokosea, kuponi sio hela. Kuponi ni ahadi yenye masharti, inakuambia ukinunua kitu hiki, saizi hii, kabla ya tarehe hii, kwenye duka hili, basi tutakukatia kiasi hiki. Ukikosa sharti moja tu hiyo karatasi haina kazi, na ukiyatimiza yote ila kitu chenyewe ulikuwa hukihitaji, basi umetoa hela yako kununua kitu usichohitaji, ila kwa bei ya chini kidogo.

Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya kuponi nilikuwa na bahasha imejaa, kabati limejaa, alafu mwisho wa mwezi hela inaisha mapema kuliko zamani. Nikakaa chini na risiti za miezi mitatu na kalamu nyekundu, kila kitu ambacho nisingekinunua kama sio kuponi nakipigia mstari, na karibu nusu ya vitu vyote vya kuponi vikapigwa mstari. Iliniuma sana, ile ilikuwa hela ya nyumba. Tangu siku ile nikabadilisha utaratibu na huo utaratibu ndo nataka nikupe hapa, naamini unamsaidia mtu yeyote anayelisha familia.

Kwanza uelewe kuponi inatoka wapi, maana hilo linaamua jinsi ya kuitumia

Kuna kuponi za aina mbili kubwa. Ya kwanza inatolewa na kiwanda, yaani kampuni inayotengeneza bidhaa. Hii unaweza kuitumia kwenye maduka mengi yanayouza bidhaa hiyo, na duka likishakukatia wewe linaenda kudai hela yake kwa kampuni, kwa iyo duka halipotezi kitu. Ya pili inatolewa na duka lenyewe, hiyo inafanya kazi kwenye duka hilo tu na punguzo linatoka mfukoni mwa duka.

Kwa nini nakusumbua na hili? Kwa sababu mifuko ni miwili tofauti, na ndo maana maduka mengine yanakuruhusu kutumia zote mbili kwa pamoja kwenye bidhaa moja, moja ya kiwanda na moja ya duka. Mbili za kiwanda kwenye kitu kimoja hapana, hiyo utakataliwa karibu kila mahali. Ila moja na moja, ulizia, soma sera ya duka, mara nyingi imewekwa kwenye tovuti yao au iko pale huduma kwa wateja. Maduka hayafanani, kuna linalokubali, kuna linalokubali siku fulani tu, kuna lisilokubali kabisa, na hakuna kosa lolote mteja kuuliza.

Na kampuni zinatoa kuponi kwa nini? Zinataka ujaribu kitu kipya, au zinataka uiache brandi uliyozoea uje kwao, au zinataka ununue saizi kubwa zaidi. Ni mbinu ya zamani sana hii, Coca-Cola chini ya mmiliki wake wa wakati ule, Asa Candler, ilikuwa inagawa tiketi za glasi moja ya bure kule Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, mtu anaonja, anarudi mwenyewe na hela yake. Kuponi unayoshika leo inafanya kazi ileile, na mi siichukii, wao wana lengo lao na wewe uwe na lako.

Lista kwanza, kuponi baadae

Huu ndo moyo wa jambo lote, ukisahau mengine yote usisahau hapa.

Kabla hujagusa kuponi yoyote andika vitu vinavyotumika nyumbani kwako kweli. Sio vile unavyotamani vitumike, vile vinavyoisha. Chukua risiti zako za mwezi mmoja au miwili, au kama hutunzi risiti basi anza kutunza leo, utagundua kuna vitu kama ishirini thelathini hivi vinajirudia kila mwezi. Hiyo ndo lista yako mama. Pembeni ya kila kitu andika bei ya kawaida unayolipa na saizi yake. Daftari dogo linatosha, au noti kwenye simu, mi nimeanza na daftari na mpaka leo natumia daftari maana halizimiki chaji.

Ukishakuwa na lista hiyo ndo unaenda kutafuta kuponi za vitu vilivyomo. Kuponi ya kitu kisichokuwemo unaipita, hata kama inakata nusu ya bei, hata kama kila mtu kwenye grupu anaishangilia. Najua ni ngumu, kuponi nzuri ya kitu usichotumia inawasha mkono kweli, ila ukimpa jirani au ndugu anayetumia kile kitu unakuwa umesaidia mtu na wewe hujapoteza chochote.

Kuna mtu ataniuliza, sasa nisijaribu vitu vipya kabisa? Jaribu, ila kimoja kimoja, na kiwe kinachukua nafasi ya kitu ambacho tayari kiko kwenye lista. Kama unatumia sabuni ya brandi fulani na kuponi ni ya sabuni ya brandi nyingine, hapo sawa, sabuni ungenunua tu.

Hesabu, na tafadhali usiruke hapa

Nitatumia namba tupu, wewe weka hela ya kwenu.

Tuseme kuna dawa ya meno ya brandi kubwa inauzwa 300, una kuponi ya kukata 60, inabaki 240. Pembeni yake kuna dawa ya meno ya duka lenyewe, ubora unaufahamu na nyumbani wanaikubali, inauzwa 210. Hapo hata na kuponi yako ile brandi kubwa bado imekuzidi kwa 30. Watu wengi wanachukua ya 240 wakiwa na furaha kwamba wameokoa 60, kumbe wameongeza 30. Kwa iyo siku zote linganisha bei baada ya kuponi na bei ya kitu cha rahisi zaidi ambacho ungekubali kukitumia, usilinganishe na bei ya kwanza ya kitu kilekile.

Sasa usiitupe hiyo kuponi. Itunze. Baada ya wiki mbili tatu brandi ile ile inaingia kwenye ofa, inashuka kutoka 300 mpaka 240, hapo unatoa kuponi yako ya 60 unalipa 180. Sasa ndo umeshinda, uko chini ya ile ya duka kwa 30 nzima. Hii ndo siri ambayo wazoefu wote wanaijua, kuponi peke yake inasaidia kidogo, kuponi ikikutana na ofa ndo inasaidia sana. Kwa iyo ukipata kuponi swali la kwanza ni tarehe yake ya mwisho lini, na je kuna uwezekano kitu hiki kikashuka bei kabla ya hapo. Kama tarehe ni mbali, subiri. Kama imekaribia na hesabu inakubali, tumia.

Saizi nayo ina mambo yake. Wengi tumefundishwa kwamba pakiti kubwa ndo nafuu, na bila kuponi mara nyingi ni kweli ingawa sio kila mara. Ila kuponi inayokata kiasi kilekile kwa saizi yoyote inageuza hesabu. Chukua pakiti ndogo ya gramu 100 inauzwa 80, na kubwa ya gramu 500 inauzwa 300. Bila kuponi ndogo ni 80 kwa kila gramu 100, kubwa ni 60, kubwa inashinda. Sasa weka kuponi ya 50. Ndogo inakuwa 30 kwa gramu 100, kubwa inakuwa 250 kwa gramu 500 ambayo ni 50 kwa kila gramu 100. Ndogo imeshinda kwa mbali! Ndo maana kampuni nyingi zinaandika kwenye kuponi kwamba haitumiki kwenye saizi ndogo kabisa, wanaijua hesabu hii vizuri tu. Kama kuponi yako haijakataza saizi ndogo, na unazo mbili tatu, chukua ndogo mbili tatu.

Alafu kuna ofa zile za maneno matamu. Nunua moja upate moja bure ni punguzo la asilimia 50, lakini tu kama zote mbili utazitumia kabla hazijaharibika. Ya pili kwa nusu bei, watu wanasikia nusu bei, ukweli ni asilimia 25 kwa zote mbili ukizichanganya. Chukua tatu lipia mbili ni kama asilimia 33. Na wakikuambia asilimia 20 alafu juu yake kuponi ya asilimia 10 hiyo sio 30, ni 28, kwa sababu ile 10 inakatwa kwenye kilichobaki. Na mpangilio nao una uzito, kitu cha 1000 ukikata kwanza asilimia 20 alafu ukatoa kuponi ya 100 unalipa 700, ukianza na kuponi ya 100 alafu asilimia 20 unalipa 720. Hapo kwa kawaida mashine ya duka ndo inaamua, wewe ujue tu kwa nini jumla haikutoka kama ulivyotegemea.

Kuponi ya kiasi cha chini

Hii naipa sehemu yake maana imewala wengi. Inasema ukinunua vitu vya 500 tunakukatia 50. Umeenda na lista yako, jumla imefika 380. Unaangalia huku na huku, unaongeza hiki, unaongeza kile, inafika 500, wanakata 50 unalipa 450. Umefurahi. Ila ulikuja kutumia 380, umetoka umetumia 70 zaidi.

Inakuwa nzuri pale tu ile 120 uliyoongeza ni vitu ambavyo viko kwenye lista ya wiki ijayo, visivyoharibika, na ungevinunua hapo hapo kwa bei hiyo hiyo. Mi kuponi kama hizi nazihifadhi kwa ile siku ya manunuzi makubwa ya mwezi, siku ambayo 500 inafika yenyewe bila kusukumwa.

Kununua mtandaoni na zile kodi za punguzo (yaani herufi au namba unazoandika wakati wa kulipa ili ukatiwe, sio kodi ya serikali) ni hivyo hivyo, na juu yake kuna gharama ya kuletewa mzigo. Kodi inakata 40, kuletewa ni 60. Angalia jumla ya mwisho kabisa kabla hujabonyeza kulipa, sio ile namba nyekundu ya juu.

Kusoma yale maandishi madogo

Chukua dakika moja tu, soma kuponi yote mbele na nyuma. Vitu vya kuangalia ni bidhaa gani hasa, maana picha inaweza kuonyesha aina moja lakini maandishi yanasema aina yoyote ya brandi hiyo, na unatakiwa ufuate maandishi. Saizi gani. Ununue ngapi ndo punguzo litoke. Tarehe ya mwisho. Inatumika dukani, mtandaoni au kote.

Alafu kuna ile ya moja kwa kila bidhaa na moja kwa kila malipo, hizi watu wanazichanganya sana. Moja kwa kila bidhaa maana yake ukinunua sabuni nne na una kuponi nne unaweza kutumia zote nne. Moja kwa kila malipo maana yake risiti moja kuponi moja, hata kama umenunua sabuni kumi. Na kuna ya moja kwa kila mteja, hiyo ni mara moja tu kwako basi. Kama keshia amekataa kuponi yako na wewe una uhakika, mwonyeshe kwa upole pale palipoandikwa, usigombane, wengi hawajafundishwa kila kuponi na foleni nyuma yako ni ndefu, msimamizi akija mambo yanaisha.

Za kwenye simu

Sasahivi kuponi nyingi zimehamia kwenye apu na kadi za pointi za maduka. Uzuri wake hukati karatasi wala husahau bahasha nyumbani. Ubaya wake ni kwamba kuponi nyingi za apu hazijitumii zenyewe, inabidi uibonyeze kwanza ikae kwenye akaunti yako kabla hujafika kaunta, alafu pale kaunta utaje namba yako ya simu au uskani kadi. Ukisahau hatua mojawapo unalipa bei kamili huku umebeba kuponi mfukoni. Kwa iyo usiku kabla ya kwenda dukani mi nafungua apu, napitia lista yangu, nabonyeza zinazohusika, napiga na skrinshoti maana intaneti ndani ya maduka mengine inasumbua balaa.

Kuponi za simu pia mara nyingi ni za kutumia mara moja tu, sio kama za karatasi ambazo unaweza kuwa nazo kadhaa. Na zinakufuata, maana duka linajua unanunua nini. Ukiacha kununua kitu kwa muda unaweza kushangaa umeletewa punguzo la kitu hichohicho, wanataka urudi. Ukinunua mtandaoni, ukiweka vitu kwenye kikapu ukaondoka bila kulipa, kuna maduka yanakutumia punguzo baada ya siku moja mbili ili umalizie. Sio yote, ila kama huna haraka kusubiri hakugharimu kitu.

Kuna bei unailipa hapo na ni taarifa zako, hilo tusilifiche. Fungua imeili ya pembeni kwa ajili ya hizi apu na matangazo ya maduka ili imeili yako ya kazi na ya familia isizame, usiruhusu apu ya duka kusoma namba za watu kwenye simu yako, na zima zile notifikesheni, maana kazi ya notifikesheni ni kukuita dukani siku ambayo hukupanga kwenda.

Zipo pia apu za kurudishiwa hela, unanunua kwanza kwa bei kamili alafu unapiga picha risiti unarudishiwa kiasi. Ni nzuri kwa sababu mara nyingi unaweza kuziunganisha na kuponi ya dukani. Ila soma kiwango cha chini cha kutoa hela, kuna ambazo hela inakaa humo miezi mpaka ufike kiwango, na hela ambayo huwezi kuitoa usiihesabu kwenye bajeti. Piga picha risiti siku hiyohiyo, wino wa risiti unafutika haraka na muda wa kuwasilisha una mwisho wake.

Kutafuta kuponi bila kupoteza siku nzima

Sehemu ni zilezile, apu na tovuti ya duka unalotumia, tovuti za kampuni za bidhaa zako, magazeti na vipeperushi vya wiki, ndani au juu ya pakiti zenyewe, vijikaratasi vinavyoning'inia kwenye shelfu, na nyuma ya risiti. Hiyo ya ndani ya pakiti watu wanaitupa na boksi, chungulia kwanza. Na ukiandikia kampuni kuhusu bidhaa yao, kuipongeza au kulalamika kwa ukweli, kuna zinazokujibu na kuponi.

Jiwekee muda, mi ni nusu saa kwa wiki, jioni moja. Ukianza kutumia masaa sita kwa wiki kuokoa kiasi kidogo basi hesabu na muda wako, hasa kama una watoto au biashara ya kushughulikia. Na usizunguke maduka matano kwa sababu kila moja lina ofa ya kitu kimoja, nauli na mafuta ya gari yanakula punguzo lote. Mawili yanatosha, yawe njiani kwako.

Kutunza, bahasha moja yenye vigawanyo inatosha. Kuna watu wanapanga kwa aina, usafi huku, vya kupikia huku, vya watoto huku. Mi napanga kwa tarehe ya kuisha, zinazoisha mwezi huu mbele, kwa sababu tatizo langu lilikuwa kuponi kufia kwenye bahasha. Na siku ya kwanza ya kila mwezi nazitoa zote zilizopita muda, natupa, basi.

Kuweka akiba ya vitu ndani

Ofa zina mzunguko. Bidhaa za nyumbani zinashuka bei, zinapanda, zinashuka tena, na wanaofuatilia kwa miaka husema mara nyingi ni kati ya wiki 6 na wiki 12, ila la maana zaidi ni mzunguko wa duka lako na utauona kwenye daftari lako ukiandika tarehe kila kitu kinaposhuka. Baada ya miezi minne mitano unaanza kubashiri.

Ukishaujua mzunguko unajua ununue kiasi gani. Kama dawa ya meno nyumbani kwenu inaisha kila wiki 4 na ofa inarudi baada ya wiki 10 hivi, chukua tatu. Sio kumi na tano. Tatu zinakufikisha ofa inayofuata na hujawahi kulipa bei kamili. Ukichukua kumi na tano umefungia hela yako kabatini, hela ambayo ingelipa kitu kingine mwezi huu, na ukibadilisha mawazo kuhusu brandi hiyo ndo basi. Angalia pia tarehe ya kuharibika ya bidhaa, hiyo ni tofauti na tarehe ya kuponi na vitu vilivyo kwenye ofa kubwa wakati mwingine vimekaribia mwisho. Vya zamani viweke mbele, vipya nyuma.

Halafu tusimalize shelfu lote sisi wenyewe. Kuna mama mwingine naye amekuja na kuponi yake moja. Ukikuta kitu cha ofa kimeisha waulize kama wanatoa karatasi ya kukuhifadhia bei ile, kuna maduka yanafanya hivyo, mzigo ukija unakipata kwa bei ya ofa.

Jambo moja linanigusa sana hapa. Kuponi nyingi ni za vitu vya viwandani, vya pakiti na makopo na chupa, vyenye sukari na chumvi nyingi. Mboga na matunda freshi ni nadra sana kupata kuponi kwa sababu mara nyingi havina kampuni ya brandi nyuma yake ya kuitoa. Kwa iyo ukiacha kuponi zikupangie menyu, chakula cha nyumbani kinabadilika kidogo kidogo bila wewe kuamua. Mi kuponi nazielekeza kwenye usafi, sabuni, tishu, vitu vya mwilini, nepi, vitu ambavyo lazima ununue na haviharibiki, alafu ile hela iliyobaki huko ndo inaenda kununua vyakula freshi.

Kaunta

Nenda saa ambayo hakuna watu wengi kama unaweza. Panga kuponi kwa mfuatano kabla hujafika, za bidhaa ambazo hukuzipata zitoe kabisa zisichanganyike. Mwambie keshia mwanzoni, dada samahani nina kuponi kadhaa, au kaka nina kuponi, ili aseme mwenyewe azipokee lini, kuna mashine zinataka kadi kwanza na kuponi mwisho. Alafu macho kwenye skrini. Bei ya shelfu na bei ya mashine hazifanani kila wakati, hasa ofa ikiwa imeanza asubuhi hiyohiyo, na kuponi inaweza kuskaniwa isikate. Kabla hujaondoka pale soma risiti, hapo hapo kabla ya mlango, ukifika nyumbani kurudi ni kazi.

Za bandia

Zile meseji zinazozunguka kwenye WhatsApp kwamba duka kubwa linasherehekea miaka kadhaa na linagawa kuponi kubwa kwa kila mtu, bonyeza linki, jibu maswali manne, tuma kwa marafiki ishirini, huo ni utapeli. Wanataka taarifa zako. Duka halihitaji namba ya siri ya benki wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji ili likupe kuponi, ukiombwa funga hapo hapo. Ukiwa na shaka nenda kwenye tovuti ya duka mwenyewe kwa kuandika jina lake, usipitie linki uliyotumiwa, na ukaelezee wazee nyumbani maana ndo wanalengwa sana.

Usinunue kuponi kutoka kwa watu, na usitoe kopi ya kuponi ya karatasi ukidhani ni ujanja. Kampuni inaweza kugundua, na duka ndo linanyimwa hela. Ni jinai kabisa, mwaka 2021 kule Virginia Marekani mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza na kuuza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31.

Kupima kama unaokoa kweli

Ile namba chini ya risiti inayosema umeokoa kiasi fulani usiiamini, inapimwa kwa bei ya shelfu. Wewe pima kwa bei uliyoandika kwenye daftari, ile uliyokuwa unalipa kabla. Ulikuwa unalipa 210, leo umelipa 180, umeokoa 30, hata kama risiti inasema 120. Na ukilipa zaidi ya bei ya daftari andika pia, kwa ukweli.

Alafu hiyo 30 itoe. Mi nikiwa bado niko kwenye benchi pale nje ya duka najumlisha tofauti ya siku hiyo nahamisha kwa simu kwenda akaunti ya pembeni, hata kama ni kidogo kiasi gani, kwa sababu zamani ilikuwa inabaki kwenye pochi alafu jioni imeshatumika kwenye kitu ambacho hata sikikumbuki. Kama ndo unaanza wiki hii chagua vitu vitano tu kutoka kwenye lista yako, andika bei zake za kawaida leo, tafuta kuponi za hivyo vitano peke yake, na ukae na hivyo mwezi mzima kabla hujaongeza cha sita.